Kuishia la saba hakumfungi mwanao

Dada, unahofia mwanao wa miaka 2 ataachwa nyuma kwa kuwa uliishia la saba. Elimu ya mzazi ina uzito, ila sehemu kubwa humfikia mtoto kupitia maongezi, michezo na lishe. Kingston, Jamaika, miaka ya 1980, wahudumu wa afya waliwatembelea kina mama maskini kila wiki kwa miaka 2, wakiwaonyesha namna ya kucheza na watoto wao waliodumaa. Miaka 20 baadaye, watoto hao walipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa.

Ukichambua maharage, hesabu naye (usimwachie peke yake, wangu aliingiza moja puani!). Muulize, subiri ajibu. Kama bado haunganishi maneno mawili, mpeleke kliniki, apimwe na masikio.