Maswali ya Wasomaji: Kura ya Athens Ilikuwa Kura Gani?

SWALI: Mhariri, vitabu vya shule vya watoto wangu vinasema kwamba demokrasia ya nchi za Magharibi ni urithi wa Wagiriki wa kale. Je, watu wa Athens walipiga kura kwa vyama na wagombea kama tufanyavyo sisi? Na kama sivyo, hao warithi walirithi nini hasa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu ya jibu lako imo katika neno lenyewe “kura”. Kabla ya kuhusishwa na masanduku na wagombea, neno hili lilimaanisha kuiachia bahati iamue, na kwa maana hiyo Biblia inatuambia kuwa mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, kura ilimwangukia Mathiya. Kura ya Athens, kwa sehemu kubwa, ilikuwa hiyo ya Mathiya.

Mageuzi ya Cleisthenes, mwanasiasa wa Athens, ya mwaka 508 K.K., yaliwagawa raia katika makabila 10, na kila kabila likatoa watu 50 wa kuingia katika Baraza la watu 500 lililoandaa mambo ya kujadiliwa na mkutano wa raia wote. Demokrasia hiyo ilipokomaa, wajumbe hao walipatikana kwa bahati nasibu, wakatumikia mwaka mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia Barazani zaidi ya mara mbili maishani mwake. Vyama vya siasa kama vyetu havikuwapo.

Mahakamani utaratibu huo ulikuwa na chombo chake, ambacho vipande vyake vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Agora, uwanja wa soko la kale, mjini Athens. Ni jiwe refu lililosimamishwa wima, lenye safu za matundu membamba. Raia aliyetaka kuamua kesi siku hiyo alileta kibao chembamba chenye jina lake, la baba yake na la mtaa wake, kikachomekwa katika tundu mojawapo. Kisha dadu nyeupe na nyeusi zikamiminwa katika bomba lililokuwa ubavuni mwa jiwe na kutolewa moja moja. Ikitoka nyeupe, safu nzima ya majina imepata kazi. Ikitoka nyeusi, safu nzima inarudi nyumbani. Mwenye kesi aliyeamka alfajiri na fedha za hongo hakujua amhonge nani.

Uchaguzi wa kunyoosha mikono ulikuwapo pia, hasa kwa majemadari 10 wa kila mwaka, maana vita si jambo la kubahatisha. Hata hivyo mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, anaandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu huhesabiwa kuwa jambo la kidemokrasia, na kuvigawa kwa uchaguzi kuwa jambo la utawala wa wachache.

Nisikupambie mambo, lakini. Wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na sauti yoyote, na tangu sheria ya kiongozi wao Pericles ya mwaka 451 K.K. raia alipaswa kuzaliwa na baba na mama ambao wote ni wenyeji wa Athens. Hila nazo hazikukosekana. Raia waliweza kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10 kwa kukwaruza jina lake juu ya vigae, na mwaka 1937 wachimbaji walikuta katika kisima kando ya Acropolis, kilima chenye ngome ya mji, vigae vipatavyo 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistocles, vilivyoandikwa kwa hati za watu 14 tu. Wapo wanaosema kwamba viliandaliwa kuwasaidia wasiojua kuandika. Mimi naiona hapo kamati ya kampeni.

Walirithi nini, basi? Jina, kwanza kabisa. Waasisi wa Marekani walioandika katiba mwaka 1787 waliiogopa Athens: James Madison, mmoja wao, aliandika kwamba hata kama kila raia wa mji ule angekuwa mwenye hekima kama mwanafalsafa Socrates, mkutano wao bado ungekuwa kundi la wafanya fujo. Seneti waliichukua Roma, na mabunge ya wawakilishi yana asili yake katika Uingereza ya enzi za kati.

Bahati nasibu ilibaki katika kuwateua raia wa kuamua kesi mahakamani, kama ifanyikavyo Uingereza na Marekani, na siku hizi imeanza kurudi katika siasa. Mwaka 2016 Ireland iliunda baraza la wananchi 99 waliopatikana kwa njia hiyo, likajadili, pamoja na mambo mengine, katazo la kutoa mimba lililokuwa katika katiba. Baraza lilipendekeza katazo hilo liondolewe, na Mei 2018 taifa zima likaitwa kwenye kura ya maoni, likakubali. Ilitangulia kura ya Mathiya, ikafuata ya masanduku.