Maswali ya wasomaji: Kujengewa titi baada ya saratani

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 43. Nimetolewa titi la kushoto, kemo nimemaliza, na mwezi ujao naanza mionzi. Daktari kanitajia kujengewa titi kwa silikoni na pia kwa nyama ya tumbo langu. Nichukue ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, dada. Katika barua yako neno zito ni mionzi. Ngozi iliyopigwa mionzi hukakamaa, mishipa yake midogo ya damu hupungua, wala haivutiki tena kama zamani. Sasa, kipandikizi chochote cha silikoni, yaani kifuko laini cha kutengenezwa kinachowekwa kifuani, mwili hukizungushia utando wa kovu, na hilo ni la kawaida. Kwenye kifua chenye mionzi utando huo mara nyingi hunenepa na kujikaza, titi likawa gumu kama embe bichi, likapanda juu na kuuma. Kwa wengine mshono hufumuka na kipandikizi kikabidi kutolewa. Nyama yako mwenyewe huja na mishipa yake ya damu, kwa hiyo hustahimili zaidi.

Kwa hali yako tungesubiri mionzi iishe, ngozi itulie miezi 6 hadi 12, ndipo uzungumze na daktari wako habari ya kujengewa kwa nyama ya tumbo au ya mgongo. Subira hiyo haikupotezei nafasi. Titi hujengwa hata baada ya miaka 10.

Ambaye bado hajapasuliwa ndiye anayetakiwa kuuliza mapema: "Nitahitaji mionzi?" Uvimbe ukizidi sentimita 5, au tezi za kwapa zenye saratani zikiwa 4 na zaidi, kwa kawaida mionzi haikwepeki. Na huku kwetu wengi hufika hospitali uvimbe umeshakua, ndiyo maana silikoni inayowekwa siku ileile ya upasuaji inawafaa wachache kuliko picha za mtandaoni zinavyoonyesha.

Asiyehitaji mionzi mara nyingi huanza na mfuko mtupu unaowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Baada ya wiki 2 au 3 anarudi kliniki, anachomwa sindano kwenye kizibo cha mfuko na kuingiziwa maji ya chumvi, mililita 50 hadi 100 kwa safari, kila wiki au kila wiki mbili. Ngozi ikishapanuka vya kutosha, upasuaji wa pili huutoa mfuko na kuweka kipandikizi. Piga hesabu ya nauli kabla ya kukubali, maana mfuko ulioachwa nusu njiani ni mzigo tu kifuani. Kipandikizi chenyewe si cha maisha. Wengi hubadilishiwa kati ya mwaka wa 10 na wa 20. Ulizia pia ganda lake. Yale yenye uso wa mikwaruzo yamehusishwa na saratani adimu ya limfu (mfumo wa kinga ya mwili), na mwaka 2019 baadhi yaliondolewa sokoni duniani kote.

SWALI: Mimi ni mkulima na maji nateka mwenyewe. Nikikatwa nyama ya tumbo, nitabeba ndoo tena? (Msomaji, Same)

JIBU: Utabeba, mama, ila inategemea umekatwaje. Njia ya zamani huchukua ngozi, mafuta na msuli wa tumbo, vikapitishwa chini ya ngozi hadi kifuani. Upasuaji ni mfupi na hauhitaji darubini, lakini tumbo hubaki dhaifu na ngiri inaweza kutokea. Kwa mtu wa jembe na ndoo, sisi tungeikwepa ikiwezekana. Njia ya pili huuacha msuli mahali pake. Ngozi na mafuta hutolewa pamoja na mishipa yenye upana wa milimita chache, kisha ikaunganishwa na mishipa ya kifuani chini ya darubini. Huchukua saa 6 hadi 10.

Hatari yake kubwa ni damu kuganda kwenye maungio, hasa saa 48 za kwanza. Nesi hukagua kila saa. Kipande hicho kilichohamishiwa kifuani kikipoa na kupauka, damu haiingii; kikivimba na kuwa cha zambarau, damu haitoki. Kwa ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo anayekagua ashike joto, abonyeze ugumu na atumie kifaa cha kusikilizia mkondo wa damu. Kabla ya kusaini uliza: usiku wa manane nani anakagua, na chumba cha upasuaji kitafunguliwa? Maana kipande kilichozibwa huokolewa kwa kurudishwa chumba cha upasuaji ndani ya saa chache, si kesho asubuhi.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Wiki 6 hadi 8 usinyanyue kinachozidi kilo 5, na tafuta wa kukusongea ugali. Siku za mwanzo utatembea umeinama na kulala umekunja magoti. Mirija ya kutolea maji ya kidonda hung'olewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku, kwa hiyo andika kipimo kila asubuhi. Sigara na ugoro acha angalau wiki 4 kabla, kwani nikotini hubana mishipa. Kama unameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, mwambie daktari. Baadhi huisimamisha kwa muda kabla ya upasuaji huu, ila usiisimamishe mwenyewe. Na tumbo hutumika mara moja tu.

SWALI: Titi la kujengewa lina hisia? Linanyonyesha? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Halinyonyeshi. Hisia hurudi kidogo au isirudi kabisa. Ndiyo maana usilikande kwa kitambaa cha maji ya moto: ngozi yenye ganzi huungua bila wewe kujua.

SWALI: Kisu sikitaki tena. Titi la kitambaa nalishonaje? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Hilo nalo ni chaguo kamili, usikubali kuhurumiwa. Mirija ikishatolewa, vaa la pamba tupu, jepesi. Lenye uzito lisubiri wiki 6 hadi 8, mshono ukauke. Shona kifuko cha kitambaa cha pamba kwa kufuata kikombe cha sidiria yako, ujaze pamba, na chini kabisa uweke kifuko kidogo cha shanga za kioo. Ongeza shanga hadi mikanda ya sidiria ikae sawa mabegani; likiwa jepesi hupanda hadi kwenye mtulinga. Mchele tusingeutumia, jasho huuotesha ukungu na wadudu huingia. Acha mdomo wa kifuko uwe wa vifungo ili shanga zitoke siku ya kufua, kisha shona mfuko ndani ya sidiria wa kulishikilia, usije ukaliona limeanguka ukiinama kuokota kitu.