Ukitaka wanafunzi wa ustawi wa jamii waelewe sera, waambie walete fomu

Mara ya kwanza napeleka wanafunzi wangu mbele ya kamati nilijua tumeiva, ripoti kurasa 24, majedwali ya rangi, watoto wamependeza. Binti mmoja akasoma kama dakika kumi hivi, mwenyekiti akamkatiza kwa upole tu: "Sawa mwanangu, tumekusikia, sasa mnataka sisi tufanye nini?" Kimya. Wakaniangalia mimi, mimi nikaangalia ripoti. Kurasa zote zile na hakuna sentensi hata moja inayoomba kitu!

Basi na wewe kama unafundisha utetezi wa sera, usianze na nadharia. Wanafunzi wengi wamekuja kusaidia watu, ukisema sera wao wanasikia siasa, wanajikunyata wanadhani unawapeleka kwenye kampeni za vyama. Mimi nawaambia nileteeni fomu, yoyote iliyomkwamisha mteja huko fildi, yaani kwenye mafunzo kwa vitendo. Mmoja akaleta kisa cha mama aliyerudishwa dirishani mara 3 kwa sababu fomu ya huduma ya mtoto inataka sahihi ya baba, na baba mwenyewe hajulikani alipo. Darasa likawaka, sheria ibadilishwe! Nikawauliza sheria ipi, kifungu cha ngapi, nionesheni. Wamehangaika wiki nzima wapi, sheria yenyewe inasema mzazi au mlezi, hiyo sahihi ya baba kuna mtu alichapa fomu miaka hiyo ikawa inatolewa kopi tu mpaka leo. Yaani wangeenda kumsumbua mbunge awape kitu ambacho tayari wanacho, wakati anayetakiwa kuandikiwa barua ni mkuu wa ofisi ile. Sheria, kanuni, waraka, mazoea, kila kimoja kina mwenyewe, na ukibisha hodi mlango usio wake unapoteza mwaka. Mimi hapo nakaa wiki mbili, mengine napita nayo haraka.

Wakisema Madam hii sio kazi yetu nawapa habari za Florence Kelley, aliyekuwa anaishi Hull House, nyumba ya huduma za jamii kule Chicago, Marekani, na kuzunguka kukagua vyumba watu walimokuwa wanashona nguo kwa ujira mdogo. Mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha sheria ya viwanda, watoto chini ya miaka 14 wasiajiriwe viwandani, wanawake wasizidishe saa 8 kwa siku, na Kelley akapewa ukaguzi mkuu. Wanapiga makofi. Halafu nawamalizia, mwaka 1895 mahakama ya juu ya jimbo ikakifuta kile kipengele cha saa 8. Makofi yanakata, na hapo ndipo wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Kingine, kisa cha mteja sio mali yako. Kufuta jina haitoshi, ukisema mama mwenye mapacha aliyeachwa mwezi uliopita mtaa mzima umeshamjua. Omba ruhusa kwanza, na akitaka kusema mwenyewe mpishe. Na msimamizi wa fildi aambiwe mapema jamani, mimi mwaka mmoja nilisahau, nikapigiwa simu ya hasira na mwanafunzi nusura afukuzwe alipokuwa anajifunzia, kosa langu kabisa lile.

Siku hizi kabla hawajatoka nakalia kiti cha mwenyekiti mwenyewe, wana dakika 3 na karatasi 1, ombi linatangulia, na mimi nakuwa msumbufu makusudi, nachezea simu, napiga miayo, nakatiza. Zoezi ni ile ile fomu ya baba. Juzi kijana mmoja hata dakika haijaisha nikamkatiza, unataka nini wewe? Hakubabaika. "Mheshimiwa, tunaomba neno baba lifutwe, liandikwe mzazi au mlezi kama sheria inavyosema." Akakaa. Nikabaki na simu yangu mkononi, sina cha kumuuliza.