Pima ardhi kabla ya kuchimba kisima

Dada, umeuliza kama kupima ardhi hapa Nyali, Mombasa, kabla ya kuchimba kisima ni kupoteza pesa. La, pima. Chini yetu ni mawe ya matumbawe, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Wapimaji hupigilia vyuma ardhini, hupitisha umeme, kisha husoma ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme: penye chumvi umeme hupita kwa urahisi, ukinzani hushuka sana. Hapo utajua ukomee wapi. Jirani yangu alipitiliza. Chai yake sasa ina chumvi na mifereji imeshika kutu. Na ukishapata maji, usivute kwa pupa, pampu kubwa huipandisha chumvi. Vipimo vya ukinzani ndivyo vinavyosaidia pia kutafuta mvuke wa chini ya ardhi wa kuzalisha umeme kule Olkaria, karibu na Naivasha.