Tovuti ya kurasa tano na suala la kubadilisha kurasa kwa JavaScript
Umeuliza kama katika tovuti yako ya kurasa tano ubadilishe kurasa kwa JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, badala ya kuwa na faili ya HTML kwa kila ukurasa. Ningekushauri usifanye hivyo, kwa sababu pushState, amri ya JavaScript inayotumika kwa kazi hiyo, hubadilisha anwani inayoonekana kwenye kivinjari bila kuiuliza seva chochote, na msomaji anapoupakia ukurasa upya, seva ambayo haikuandaliwa kurudisha faili kuu kwa kila anwani humjibu kwa kosa la 404 (ukurasa haukupatikana). Tena utalazimika kushughulikia mwenyewe kitufe cha kurudi nyuma, kupitia popstate (tukio ambalo kivinjari hulitoa msomaji anaporudi nyuma au kwenda mbele), pamoja na kichwa cha ukurasa (title), ambacho watumiaji wa visoma skrini, yaani programu zinazowasomea wasioona, hukitegemea sana. Ikiwa kinachokusumbua ni kurudia menyu ileile katika kila faili, tumia programu inayounganisha violezo (vipande vya ukurasa, kama menyu, vinavyoandikwa mara moja tu) na kuzalisha HTML kamili kabla hujaipeleka tovuti kwenye seva.