Hodi Iliyotoka Mwembeni

Jumapili moja, jua halijapanda, mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchicha kwenye ungo. Mimi nilikuwa jikoni nabandika chai. Nikasikia sauti ya mtu mzima ikipiga hodi, na mama akaitikia, "Karibu." Kimya. Hodi ya pili. "Karibu baba, pita." Ilipokuja ya tatu akaweka ungo chini, akajifunga leso vizuri, akaenda kufungua geti. Hakuna mtu. Hodi ya nne ikatoka juu ya kichwa chake, mwembeni.

Alikuwa kasuku. Kijivu mwili mzima, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, mguuni pete ya chuma.

Kasuku wa aina hii si ndege wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Kwao ni misitu mikubwa ya Kongo na ya Afrika Magharibi, na ukimwona huku pwani jua ametoka tunduni kwa mtu. Kwa hiyo wewe uliyeamka ukakuta uani kwako mnyama usiyemtarajia, kabla hujashika fimbo, na kabla hujaenda kuleta ndizi, jiulize kwanza: huyu amepotea, au ameitwa? Nimekaa Diani miaka 18, na kila mgeni wa aina hiyo aliyeingia kwangu nilimweka upande mmoja kati ya hizo mbili. Aliyepotea unamvuta aje. Aliyeitwa unamwondolea kilichomwita. Ukichanganya, utamuua wa kwanza na kumkaribisha wa pili mpaka kitandani.

Aliyepotea hana siku nyingi. Kasuku aliyelelewa na watu hajui kujitafutia, hamjui mwewe, na kunguru wakimwona humzonga mpaka wamtoe roho. Na kunguru hatuwakosi. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, ambao tumeshawahesabu kuwa wenyeji, nao ni wageni: asili yao Bara Hindi, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakatapakaa mwambao mzima. Siku ile walishafika 5 kabla chai haijachemka. Nikamweka mwanangu mkubwa chini ya mwembe na fagio la chelewa, kazi yake moja tu, kuwafukuza kunguru. Asipande mti, asirushe kitu. Watu wengi huharibia hapo. Hupanda, hurusha mawe, humwaga maji, na ndege huruka mti kwa mti mpaka anapotelea mbali.

Nikatoa tundu la vifaranga, nikalifungua mlango, nikaliweka juu ya ukuta mahali atakapoliona. Ndani nikatia papai, njugu karanga zisizo na chumvi na kibakuli cha maji. (Parachichi usithubutu kumpa kasuku, ni sumu kwake.) Tukakaa. Aliyeifanya kazi hasa ni mama mkwe, maana kila ndege alipopiga hodi alimjibu kwa sauti ile ile ya upole, saa nzima, saa ya pili, mchicha ukanyauka kwenye ungo. Alasiri kasuku akaanza kushuka tawi kwa tawi, akiifuata sauti yake. Alipoingia kula nikafunga mlango na kulifunika tundu zima kwa leso. Giza likamtuliza papo hapo.

Ukishampata mnyama wa watu, usitangaze kila kitu. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa niliandika kwamba kasuku ameonekana, basi. Habari za pete sikuzitaja. Walipiga simu watu 6, kila mmoja kasuku ni wake, na hakuna hata mmoja aliyejua kama ana pete. Tena lipo suala la sheria. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haikuruhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na kasuku wa kijivu amelindwa vikali zaidi katika biashara ya kimataifa tangu 2017. Mwishoni mwa 2021 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliwapa waliokuwa nao muda wa kuwasajili bila kushtakiwa. Ukimficha ukasema ni riziki imekujia, unajitafutia kesi. Niliwapigia KWS wakaja kumchukua. Mama mkwe mpaka leo akisikia hodi hutazama juu kwanza.

Sasa tuje kwa aliyeitwa, maana huyu ndiye utakayempata mara nyingi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimpa kima kokwa ya embe. Alikuwa jike, kichanga kimemng'ang'ania tumboni, na nilimwonea huruma. Baada ya wiki 2 walikuwa kundi zima juu ya mabati. Haukupita mwezi, jike yule yule akampokonya binti yangu boflo mkononi na kumparura kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo cha mkono. Binti alikuwa na miaka 7. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 15, nikiwa natazama saa, kisha tukamkimbiza hospitali akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Nakuomba hili ulishike: mkwaruzo wa kima, tumbili, nyani au paka wa porini usiupake mafuta ukakaa ukingoja. Osha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa ule ukishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kima yule simlaumu. Niliyemfundisha kuwa mkono wa mtu una chakula ni mimi.

Kumfundisha upya kulichukua karibu miezi 3. Pipa la taka nililitia mfuniko na kuufunga kwa mpira wa baiskeli. Mapapai nilianza kuyachuma yakianza tu kupiga manjano, nikayavundika ndani kwenye gazeti. Madirisha ya jikoni nikayapiga wavu wa chuma. Sufuria chafu hazilali nje, na chakula cha paka hakikai kibarazani. Wiki za kwanza hali ikazidi kuwa mbaya: walitikisa madirisha, walivunja vigae, walining'oa moyo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakawatupia ndizi ili wanyamaze, na kwa kufanya hivyo wanawafundisha kwamba fujo inalipa. Usitupe. Na uwaambie majirani, mmoja mmoja, kwa adabu, kwa sababu nyumba moja ikiwalisha mtaa mzima umewalisha. Kwetu ilibidi niende mara 3 kwenye nyumba ya kupangisha wageni, ambako watalii walikuwa wakiwapa biskuti ili wapige picha. Mara ya tatu mlinzi akaandika kibao mwenyewe akakibandika getini.

Habari ya sumu na manati naisema kwa ufupi kwa kuwa inaniuma. Sumu haichagui. Jirani alitega chakula chenye sumu kwa ajili ya tumbili, aliyekufa wa kwanza ni mbwa wake.

Usiku zamu huwa ya komba. Kama umehamia pwani kutoka bara na umesikia mtoto mchanga analia juu ya mnazi saa 8 za usiku, tulia, si jini. Mulika tochi utaona macho mawili yanawaka mekundu. Komba hupenda matunda na wadudu, na tembo la mnazi ndilo hasa humtoa alikojificha. Msemo wa kulewa kama komba haukutoka hewani. Babu anayegema minazi ya jirani aliniambia ameshakuta komba amelala juu ya kuti, kibuyu kitupu. Siku hizi hufunika mdomo wa kibuyu kwa wavu, nao wamepungua. Akiingia darini, kosa kubwa ni kuziba tundu mchana. Mchana yumo ndani amelala, huenda na mtoto. Subiri giza liingie, mwone ametoka, hakikisha hamna kichanga kilichobaki, ndipo uzibe.

Kenge naye ameitwa na mayai. Okota mayai kabla ya adhuhuri, usimbane pembeni maana mkia wake unachapa kama kiboko, mwachie njia ataondoka.

Chatu ndiye aliyenifundisha zaidi habari ya njia. Asubuhi moja kuku wangu walikuwa kimya. Kuku wasiolia saa ya kufunguliwa ni habari mbaya. Nikainamisha kichwa nikamulika bandani: wamejibana wote juu ya kijiti kimoja, na chini, kwenye kona ya kutagia, amejiviringa chatu, mgongo unang'aa kama kitambaa kilichopigwa pasi, katikati ya mwili nundu kubwa kama kiazi kikuu. Mtetea wa madoa hayupo. Nikatazama wavu. Kwenye kona ya chini palikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ingepita kwa shida. Aliingia mwembamba, akala, na sasa kwa tundu lile lile hawezi kutoka.

Haikupita nusu saa ua ulijaa watu na mapanga. Chatu hana sumu, lakini huuma, na mkubwa ana nguvu za kumnyonga mtu. Sikusema maneno mengi. Niliwaomba wasogee hadi ukutani, nikawatoa kuku kwa mlango wa juu mmoja mmoja, nikafunga banda kwa kufuli, na ufunguo nikautia kifuani. Mtu asiye na ufunguo hana la kukata. Wataalamu walipofika na ndoano na gunia, kazi yote haikuzidi dakika 10. Alikuwa mrefu kunizidi mara mbili. Banda nikalibadilishia wavu siku hiyo hiyo, matundu madogo, ukingo wake umefukiwa ardhini kiasi cha shubiri.

Kwa nyoka wengine ushauri wangu ni mmoja: usijifanye unawajua. Ukukwi wa kijani asiye na madhara na yule wa kijani anayeua wanafanana machoni pa mtu aliyeshtuka. Simama mbali, usimpotezee macho, mtu mwingine apige simu. Huko kaskazini, Watamu, ipo Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa mwaka 1980 na marehemu James Ashe, na watu wake wamekuwa wakienda kuwatoa nyoka majumbani. Kila mji una mtu wake. Namba yake itafute leo, pamoja na ya KWS, uziandike ukutani jikoni, kwa sababu siku ya tukio simu itakuwa haina chaji au haina mtandao. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi muda mrefu, usisugue, kisha hospitali. Ukiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na bangili kabla hujavimba, kiungo kisitikisike, ukimbizwe hospitali. Dawa nyingine zote nilizowahi kusikia zinapoteza muda tu.

Mara nyingi naulizwa, mbona zamani hawakuwa wanakuja hivi? Walikuwapo. Sisi ndio tuliojenga vyumbani mwao. Panda mahali pa juu utazame Diani, utaona mstari wa mabati na vigae ambako palikuwa msitu mmoja wa pwani, na msitu uliobaki mzima mwingi ni ule uliolindwa na wazee wa Kidigo, kama Kaya Kinondo. Makaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mnyama akitoka huko kwenda kipande kingine cha miti, njia yake inapita juu ya paa lako, juu ya waya wa umeme, na juu ya barabara.

Mbega ndiye anayeumia zaidi kwa hayo. Hana shida na mkate wako, yeye ni mla majani, na ukimpa mkate au ndizi tumbo lake linaharibika. Anachotaka ni kupita. Mwaka jana mmoja alishika waya uliopita katikati ya matawi ya mkwaju wangu. Sitaeleza nilichokiona. Nilikuwa nimeuona ule mkwaju ukigusa waya kwa miezi, nikasema nitashughulikia. Tafadhali tembea leo kuuzunguka ua wako ukitazama juu, na kama tawi limekaribia waya waite watu wa umeme walikate, usipande wewe na panga. Hapa kwetu lipo shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, linalopunguza matawi karibu na nyaya na kutundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega na kima wavuke bila kushuka kwenye lami.

Juzi nilisimamishwa na foleni ya bodaboda chini ya ngazi moja. Juu alikuwa anapita mbega jike, kamba inapwaya, na tumboni ana mtoto wa siku chache, mweupe pe kama pamba, maana huzaliwa hivyo na weusi huja baadaye. Alipofika katikati akasimama. Dereva aliyekuwa mbele yangu akazima injini, wa nyuma yake akazima, tukangoja mpaka akashika tawi la upande wa pili.