Re: Kuna aliyewahi kusaidiwa njiani na mtu asiyemjua?

Umeuliza kama wema wa njiani bado upo au ni hadithi za babu zetu. Mimi nakujibu upo, maana ulinikuta barabara ya Pangani.

Nilikuwa natoka Tanga mjini kwa baiskeli (Tanga bila baiskeli utaishije?) kwenda kumwona shangazi Tongoni, kule kwenye magofu, kama kilomita 17 hivi. Karibu nafika, cheni ikakatika. Saa saba mchana, jua la kaskazi, hakuna fundi wala kivuli cha maana. Nikaanza kukokota.

Akaja mzee mchuuzi wa samaki, anaelekea mjini, tenga limefungwa nyuma ya baiskeli, maji ya barafu yanachuruzika hadi kwenye tairi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, imekufanya nini hiyo?" Hata sikuomba. Akashuka, akatoa msumari na kipande cha chuma mfukoni, akagonga pini juu ya jiwe, akaitoa pingili iliyovunjika na kuunga zilizobaki. Yapata nusu saa. Muda wote huo natazama yale maji yakidondoka, najua barafu ndiyo inakwisha na samaki ndio mtaji wake.

Nikatoa elfu mbili. Akacheka: "Kanywe maji, umekauka." Akapanda, huyo!

Jina sikumuuliza, nalijutia hilo. Cheni ninayo mpaka leo, fupi kwa pingili moja, inakaza kidogo nikipanda mlima.